Kengele ya kamera inanasa bodaboda na kumkosa mgeni getini: angalia ilipofungwa kabla ya kununua nyingine

Mkuu, pole kwa usumbufu. Nimekuelewa hivi: uko Sakina, Arusha, geti linatazama barabara, kengele yako ni ya betri na imefungwa juu kabisa ya nguzo ili vibaka wasiifikie. Mchana kutwa simu inalia kwa ajili ya bodaboda, lakini mtu akija hadi getini hupati kitu mpaka abonyeze mwenyewe. Usiku hata akinaswa, inaandika "mwendo" badala ya "mtu". Umepandisha usikivu wa sensa hadi mwisho, mambo yamezidi kuharibika, na fundi amekwambia kifaa kibovu, nunua kingine.

Usinunue kwanza. Kwa dalili hizo sioni kifaa kibovu. Naona kifaa kilichofungwa mahali ambapo hakikutengenezewa. Kazi yangu ni kufunga kamera na umeme wa majumbani, hasa huku Moshi, na Arusha napanda nikiitwa. Kengele hizi zilibuniwa kwa nyumba ambazo mlango wa mbele una kibaraza, mgeni anapita njia moja kuufikia, na ruta iko nyuma ya ukuta huohuo. Sisi tunazipeleka getini, mbali na nyumba, zikitazama barabara yenye bajaji, ng'ombe na watoto wa shule. Karibu kila tatizo la kutotambua mtu nililolikuta lilianzia kwenye tofauti hiyo.

Kwenye kengele ya betri, kamera inalala muda wote. Kinachokesha ni sensa ndogo ya joto, ile iliyojificha nyuma ya kipande cha plastiki karibu na lenzi. Sensa hiyo haijui mtu ni nini. Inahisi joto likihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, basi. Ikihisi, inaiamsha kamera, kamera inarekodi, ndipo akili mnemba inaichambua picha na kuamua kama ni mtu, gari, mnyama au mwendo tu. Baada ya hapo taarifa inasafiri hadi kwenye simu yako. Kwa hiyo fungua orodha ya matukio uone kazi inakwamia wapi. Mtu alipita na hakuna video kabisa: shida ni sensa au mahali ilipo. Video ipo lakini imeandikwa "mwendo": shida ni picha au uchambuzi. Video ipo, imeandikwa "mtu", na simu haikulia: angalia simu na mtandao. Wewe unayo mawili ya kwanza kwa pamoja.

Tuanze na bodaboda. Anakatiza mbele ya sensa kutoka kushoto kwenda kulia, tena na injini ya moto. Hakuna kitu sensa hiyo inakiona kwa urahisi kama hicho. Mgeni wako anakuja moja kwa moja usoni pa kengele. Joto lake halihami pembeni, linakua polepole mahali palepale, na sensa inachelewa kushtuka au haishtuki kabisa. Sasa ulipopandisha usikivu uliongeza bodaboda, hukuongeza wageni. Na kuna jambo wengi hawalijui: kengele nyingi za betri zikishamaliza kurekodi tukio moja zinapumzika kidogo kabla ya kuwa tayari tena, ili kutunza chaji. Bodaboda inapita, kengele inarekodi, inapumzika, na mgeni anafika katikati ya mapumziko hayo. Ndiyo maana hali ilizidi kuwa mbaya. Kwenye setingi za baadhi kuna sehemu ya kupunguza muda huo wa kupumzika, lakini ukipunguza bila kuiondoa barabara, betri itakwisha haraka sana.

Dawa ya kwanza iko kwenye nguzo. Ishushe. Watengenezaji wengi wanataka kengele iwe kwenye kimo cha kama mita 1.2 kutoka chini, yaani usawa wa kifua, na si kwa sababu ya kidole cha kubonyeza tu. Sensa imepangwa kutazama kutoka kimo hicho, na akili mnemba imefundishwa kwa picha za watu wanaoonekana hivyo: kichwa, mabega, kiwiliwili, miguu. Ukiiweka mita mbili na nusu juu, inaona kofia na mabega kutoka angani, na mtu akisogea karibu na nguzo anapotea chini ya lenzi.

Ukishaishusha, igeuze. Kwenye boksi mara nyingi kuna kabari ya plastiki. Kama huna, fundi seremala atakuchongea ya mbao ngumu. Ielekeze ifuate urefu wa ukuta badala ya kutazama barabara uso kwa uso, ili mgeni akija getini alazimike kukatiza mbele yake. Mabadiliko haya peke yake yamewatibu wateja wangu wengi kuliko setingi zote nikizijumlisha. Hofu yako ya wizi naielewa kabisa. Mtafute fundi wa kuchomelea akutengenezee kikasha cha chuma kilichozama ndani ya nguzo, kikiwa wazi mbele. Msikubali kuweka kioo cha kuilinda: kioo cha dirisha kinazuia joto la mwili, na sensa inakuwa kipofu hata kama kamera inaona vizuri.

Baada ya hapo ndipo uchore eneo la kufuatilia kwenye programu na kuiacha barabara nje. Usitegemee mchoro huo peke yake, kwa sababu kwenye baadhi ya kengele za betri unachuja taarifa tu baada ya kamera kuamka, na betri inaliwa vilevile. Usikivu urudishe katikati. Halafu jaribu mwenyewe: tembea kama mgeni, mwambie kijana apite na pikipiki, mtu mwingine aje amejitwisha mzigo, kila mmoja kwa wakati wake, mkiangalia orodha ya matukio. Jaribu asubuhi, saa nane mchana na usiku. Huku Moshi, ambako mji haufiki mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, Januari na Februari mchana hewa na ukuta vinapata joto linalokaribia la ngozi ya mtu, na sensa inapungukiwa tofauti ya kuhisi. Arusha mko kwenye mita 1,400 hivi, shida hiyo kwenu ni ndogo, ila geti la chuma linalopigwa na jua linaweza kuleta matatizo yaleyale. Na kama mgomba umeinamia kamera, kata majani yanayocheza mbele yake.

Sasa usiku, maana hapa ndipo "mtu" anapogeuka "mwendo". Kamera inawasha taa zake za mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga huo ukigonga kitu cha karibu, unarudi mkali na kamera inapunguza mwangaza wa picha nzima. Angalia picha yako ya usiku: kama upande mmoja kuna weupe unaong'aa na kwingine ni giza, weupe huo ni nguzo yako iliyopakwa chokaa. Igeuze kengele kidogo, au upake kipande hicho rangi nyeusi isiyong'aa. Utando wa buibui mbele ya lenzi nao unang'aa hivyohivyo. Futa kwa kitambaa laini, lenzi na sensa vyote viwili, maana vumbi la kiangazi linaganda. Mvua zikianza, kumbikumbi wanafuata taa ya getini. Taa isikae juu ya kengele. Isogeze mita mbili au tatu pembeni, imulike mahali mgeni anaposimama. Penye mwanga wa kutosha kamera inaona rangi, na uchambuzi unakuwa sahihi zaidi. Hata ukungu wenu wa Juni na Julai hausumbui sana hapo, kwa sababu mwanga ambao ukungu unaurudisha vibaya zaidi ni ule unaotoka kwenye kamera yenyewe.

Nitoe mfano mmoja wa uchambuzi. Kwenye nyumba moja Shanty Town, hapa Moshi, mlinzi, mzee wa heshima zake, alikuwa anapita mbele ya kengele kila usiku na kuandikwa "mnyama". Mwenye nyumba alikasirika, mzee mwenyewe alinyamaza tu. Nikasimama na simu nikamwomba, "Mzee, shikamoo, naomba upite kama unavyopita kila siku." Akapita: koti refu mpaka chini ya magoti, shuka amejifunika kuanzia kichwani, ameinama kidogo kwa baridi, tochi inaning'inia mkononi. Kwenye picha hakuna shingo, hakuna mabega, mikono haionekani. Nikamwomba ateremshe shuka mabegani, akapita tena, ikaandika "mtu" papo hapo. Hatukumwambia mzee aache shuka lake. Tulishusha kengele, tukaweka taa, na mwenye nyumba akawasha taarifa za kila mwendo kwa saa za usiku, kwa sababu hata mwizi anaweza kuja amejifunika. Nakushauri ufanye hivyohivyo.

Mtandao usiusahau. Kwenye kengele nyingine uchambuzi unafanyika ndani ya kifaa, nyingine unafanyika kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zilizo mbali, na baadhi hazitambui mtu bila kifurushi cha kulipia. Hakikisha yako iko upande gani na kifurushi hakijaisha. Kama ni ya seva, waifai dhaifu inatosha kuharibu kila kitu. Kwenye taarifa za kifaa mara nyingi kuna namba ya nguvu ya waifai yenye alama ya kutoa mbele: -50 ni nzuri, ikipita -70 kwenda -80 tegemea matatizo. Ukuta wa tofali na geti la chuma vinaimeza sana. Tumia masafa ya gigahezi 2.4, sogeza ruta dirishani au ongeza kifaa cha kupokezana waifai karibu na geti.

Kwa wanaosoma wenye kengele za waya: nyingi zinataka volti 16 hadi 24, na waya mwembamba kutoka nyumbani mpaka getini unapoteza volti njiani. Dalili yake ni kamera kujizima na kujiwasha usiku, taa zake zinapowaka. Weka waya mnene zaidi. Kama umeletewa kutoka Marekani pamoja na transfoma yake, angalia maandishi kabla ya kuiunga, kwa sababu nyingi ni za volti 120 na umeme wetu ni 230, ni hatari. Pia badilisha setingi ya hezi (mara ambazo umeme unapiga kwa sekunde) kutoka 60 kwenda 50, la sivyo chini ya taa zetu picha inaweza kuwa na mistari inayotembea.

Simu kutolia mara nyingi ni ile kazi ya kuokoa betri inayoifunga programu. Iruhusu ifanye kazi nyuma ya pazia, yamekwisha.

Na kuielekeza kengele mbali na barabara na nyumba ya jirani kuna faida nyingine. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu ni taarifa yake.

Ukishaishusha na kuigeuza, tuma hapa picha mbili za kile kengele inachokiona, moja ya mchana na moja ya usiku, pamoja na namba ya waifai na jina la modeli. Ficha namba za nyumba na sura za watu. Nitakuonyesha pa kuchora eneo la kufuatilia.