Jibu: Simu mpya haina tundu la hedifoni, nifanyeje?

Pole, ndugu yangu. Hedifoni zako nzima zimekosa pa kuchomeka, na kampuni ya simu uliyoiandikia kulalamika inakujibu kwa ujumbe wa mashine. Usiisubiri. Apple waliondoa tundu hilo kwenye iPhone 7 mwaka 2016. Samsung wakawakejeli kwenye matangazo, kisha 2019 wakaliondoa wenyewe kwenye simu yao ya Note 10!

Tafuta adapta ya USB-C, yaani kiunganishi kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kuchaji ili hedifoni ziingie humo, ila ujue ziko za aina mbili. Baadhi ya simu hutoa sauti moja kwa moja kupitia tundu hilo, hivyo adapta ya kawaida inatosha; nyingine zinahitaji adapta yenye chipu yake ndani ya kugeuza sauti. Ukikosea, husikii kitu. Nenda dukani na simu yako, jaribu muziki na pia kupiga simu, maana maiki ndiyo husumbua zaidi. Ndipo ulipe. Adapta zile za kuchaji huku unasikiliza, kuwa nazo makini: tundu la kuchaji likipata joto kali, chomoa, mpelekee fundi simu.

Risiti ya simu unayo? Muulize muuzaji kama anakubadilishia kwa simu yenye tundu. Simu nyingi za bei nafuu bado zina tundu, tena na nafasi ya memori kadi.