Pemba Ipi? Kwa Mwenye Ndugu Aliyepotea

Juzi usiku dada mmoja wa Newala ameniandikia. Mdogo wake alivuka mto Ruvuma kwenda machimbo ya rubi ya Montepuez, Msumbiji, na tangu vijana wa Kitanzania walipofukuzwa kule mwanzoni mwa 2017 hajasikika. Anauliza: wamsomee khitma, au waendelee kungoja? Niliusoma ujumbe ule mara nne. Swali hilo ninaishi nalo tangu kaka yangu aondoke Mikindani.

Aliondoka Desemba 2013, kaskazi ikivuma, pamoja na wavuvi waliokuwa wanakwenda dago, kambi ya uvuvi ya msimu, upande wa Palma, ng'ambo ya mpaka. Desturi yao ni kushuka na kaskazi na kurudi na kusi. Kusi ikaingia, wenzake wakarudi, yeye hayumo. Walisema alihama chombo akaenda kusini zaidi. Tulipokwenda kuripoti tukaambiwa huyo ni mtu mzima, akichoka atarudi. Hata maelezo hayakuandikwa. Neno lile linaniuma hadi leo, maana mama alikuwa amesimama pale na picha ya mwanawe imefungwa kwenye pindo la khanga.

Juni 2015, mimi nikiwa Dar es Salaam, jirani akanitumia ujumbe: "Kaka yako kaonekana Pemba." Kwa anayeishi Dar, Pemba ni kisiwa. Nikaomba ruhusa kazini, nikakopa nauli, nikapanda boti. Mkoani, Chake Chake, Wete: kila diko, pale vyombo vya uvuvi vinapotia nanga, nilionyesha picha. Watu walinipokea kwa wema, na mzee mmoja alizunguka nami mchana kutwa bila kutaka hata chai. Nikarudi nikamwambia mama hayuko. Tukaufunga mlango ule.

Oktoba 2016 nilikuja nyumbani msimu wa korosho, nikakutana na mvuvi mwenyewe aliyemwona. Katika kusimulia akataja Paquitequete. Nikamuuliza ndiyo wapi. Akashangaa: mtaa wa wavuvi, Pemba. Pemba ya Msumbiji, mji mkuu wa Cabo Delgado! Nilikaa chini palepale mchangani. Mvuvi hakuona haja ya kufafanua, kwa sababu kwa watu wa pwani yetu Pemba hiyo ndiyo ya karibu. Jirani alinakili alichosikia. Mimi, msomi wa familia, ndiye niliyeshindwa kuuliza neno moja tu: Pemba ipi?

Tukapanga kwenda baada ya korosho za mwaka uliofuata. Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, mji wa pwani humohumo Cabo Delgado, ikashambuliwa. Njia ambayo baba zetu waliipita kwenda kuoana na kuzikana ikawa njia ya vita, na Machi 2021 vita vikafika Palma. Mwaka wa 2020 watu waliokimbia mapigano walikuwa wakishushwa na mashua kwenye ufukwe uleule wa Paquitequete. Nilikuwa nazikuza picha zao kwenye simu, uso mmoja mmoja.

Kwa hiyo, dada yangu, kabla ya jambo lolote, andika. Nunua daftari. Nani alisema, lini, alimwona kwa macho yake au aliambiwa, mji upi, mtaa upi, kavaa nini. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, usiyanyooshe. Watafute waliorudi kutoka Montepuez leo, si kesho, maana kila mwaka wanasahau kitu.

Jina nalo uliandike kwa namna zote. Hili nilichelewa kulijua. Kule huandika kwa Kireno: Shabani huwa Chabane, Hamisi huwa Amisse. Unaweza kupitisha kidole juu ya jina la ndugu yako kwenye orodha usilione. Peleka majina yote hayo Msalaba Mwekundu. Wanayo huduma ya kutafuta ndugu waliotenganishwa na vita au safari, nayo haina malipo. Ukidaiwa hela, huyo si wao.

Sisi waganga walikula korosho zetu za misimu miwili. Mmoja alisema kaka kafanywa msukule, yupo karibu anatulimia shamba la mtu. Mama hakulala miezi. Nasema bila kuficha: anayemfanyia hivyo mama mwenye uchungu anakula machozi ya watu, na sisi tunaompelekea hela tuna sehemu yetu ya dhambi.

Kuhusu khitma, kwetu ilitugawa. Mjomba alitaka matanga ili mikorosho igawanywe, mama akakataa. Sheria ya Ushahidi inataja miaka 5: mtu asiposikika kwa muda huo na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake, mahakama inaweza kumhesabu amefariki. Shemeji aliifuata njia hiyo, akaolewa, na waliomsema vibaya walinikuta mimi mlangoni. Alikuwa na watoto wawili na ujana wake. Mama anaomba dua kila Ramadhani, dua ya msafiri. Wote wawili wako sawa, na nyumba moja inaweza kuwabeba.

Ukimaliza ukurasa wa kwanza wa daftari niandikie tena. Niambie ni nani aliyekuwa wa mwisho kumwona mdogo wako, na walikuwa upande upi wa Ruvuma.