Matengo ya ngalawa: bolti au kamba?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nataka kujitengenezea ngalawa ya watu wawili hapa nyumbani, ya kupiga makasia tu, bila tanga. Gogo la kuchonga sina, nina plaiwudi. Jirani anasema matengo (zile mbao za pembeni za kuizuia isipinduke) niyakaze kwa bolti ndo yatashika. Ni kweli? Na lazima yawe mawili?

JIBU: Salama ndugu yangu. Jirani kakutakia mema ila hapo mkatalie, funga kwa kamba. Wimbi likipiga, ile miti inayokingama kubeba tengo lazima icheze kidogo, sasa ukiibana na chuma nguvu yote inaishia kwenye tundu la bolti, mti unapasuka palepale au maji yanaingia unaoza taratibu na wewe huoni. Kamba inanyumbuka, ikilegea unakaza upya, na siku ya kusafirisha unafungua kila kitu kinapita mlangoni. Chukua ya poliesta, nailoni ikilowa inavutika.

Tengo moja linatosha. Ukilalia upande wake linaelea na kukuinua, ukilalia upande wa pili uzito wake ndo unaivuta ngalawa irudi, kwa hiyo lisiwe jepesi mno. Ukiamua mawili, yapandishe kidogo yasilale majini yote kwa pamoja, yatakuchosha bure kwenye kasia. Kuhusu ukubwa, lita moja ya ujazo inabeba karibu kilo moja, yani tengo la mstatili la mita 3, upana sm 15, kimo sm 10, ni lita 45, toa uzito wake lenyewe, kinachobaki ndo msaada wako. Na kadri linavyokaa mbali na ngalawa ndivyo linavyosaidia zaidi, ila miti nayo iwe imara.

Halafu plaiwudi yako, kabla hujakata chochote chemsha kipande kidogo nusu saa, tabaka zikianza kuachana hiyo ni ya kabati, usiipeleke majini. Ikipona, shona vipande kwa waya wa shaba, jaza maungio kwa epoksi (gundi ya sehemu mbili unazochanganya ndo igande), pitisha kitambaa cha faiba juu yake. Epoksi pima kama kopo linavyosema, usikadirie kwa macho, na changanya kidogokidogo maana ikijaa kwenye chombo inachemka yenyewe na kuganda mkononi mwako. Vaa glavu tafadhali, kuna watu ngozi imeikataa kabisa mpaka wakaacha kazi hii. Ukimaliza paka rangi, jua linaila epoksi isiyofunikwa.

Siku ya kwanza nenda maji ya kiunoni, laifu jaketi mwilini, kisha ijaze ngalawa maji makusudi. Ikizama, rudi ukatengeneze vyumba vya hewa visivyoingiza maji mbele na nyuma kabla hujampakia mtu wa pili.