Kabla hujatuma hela ya hiyo Mellow Candle "orijino"

Usitume. Salamu baadaye mkuu, nimesoma post yako kwenye basi nikitoka shifti ya usiku na nimepitiliza kituo kwa ajili yako. Umeuliza mambo matatu hapo: uanzie wapi na roki progresivu (ile ya nyimbo ndefu zenye visa) na folk, muziki wa asili, ya Ireland ya miaka ya 70, kama kuna bendi ya kumshibisha mtu aliyezoea bendi za Uingereza kama Jethro Tull na Genesis, halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayeuliza saa, ukatupia kwamba kuna jamaa ana santuri ya Swaddling Songs ya Mellow Candle, bendi ya Ireland, "orijino ya 1972" kwa euro 550 na anataka utume leo leo maana kuna mtu mwingine anaisubiri.

Hakuna mtu mwingine. Huyo mtu mwingine namfahamu, hata mimi niliambiwa anaisubiri, kumbe anasubiri mpaka leo maskini.

Mimi nilituma. Santuri hiyohiyo, maneno hayohayo, picha tatu: jalada mbele, lebo upande wa kwanza, lebo upande wa pili. Muuzaji yuko Uingereza, mimi niko hapa Dublin. Euro 620. Akaniambia nitumie ile njia ya kutumiana hela ndugu na marafiki ili tusikatwe makato, na mimi nikaona huyu jamaa muungwana kweli, ananionea huruma hadi makato. Ndugu na marafiki! Yaani ukituma hivyo umempa mtu zawadi, huna pa kudai, huna wa kumshtaki, umemtunza kama bibi harusi basi. Na tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya mzigo ukitoka kule unalipiwa VAT huku, santuri ni asilimia 23, na muuzaji kwenye fomu ya forodha aliandika bei kamili bila kupunguza hata senti, nadhani uaminifu wake wote aliumalizia hapo. Kwa hiyo nikailipia kodi feki kwa bei ya orijino.

Ikafika, jalada linang'aa balaa. Sikushtuka kwamba kitu cha nusu karne kinang'aa vile, nikasema Wazungu wanajua kutunza vitu. Nikaitia kwenye fremu sebuleni, mke wangu akauliza bei, nikamwambia bei ya 1972. Baadaye nikaitoa ukutani nikaipeleka kwenye duka moja la santuri za mitumba kumwonyesha mzee mwenye duka, na niseme ukweli nilienda kuringa. Mzee hata mbele hakuangalia. Akaigeuza, akaweka kidole kwenye kona ya chini penye mistari myeusi, akaniuliza mwaka 1972 kulikuwa na mashine gani ya kuisoma hiyo.

Barkodi jamani. BARKODI. Bidhaa ya kwanza kupitishwa skana dukani ni pakiti ya bigijii huko Ohio, Marekani, Juni 1974, na mimi nina santuri iliyotabiri miaka miwili kabla. Lilikuwa toleo la marudio, zuri tu, la euro ishirini na kitu. Mpaka leo mke wangu akiniona nimeinamia simu usiku anauliza "unanunua mistari?"

Kwa hiyo dai picha ya nyuma ya jalada, yote, kona zote nne. Halafu dai picha ya ile sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo, pale huwa pamegongwa namba, ulinganishe na nakala zinazojulikana. Usilewe kwa kuona lebo imeandikwa Deram, kampuni iliyoitoa, na namba SDL 7, hivyo vinakopiwa. Na kukosa barkodi nako hakuthibitishi kitu, wapo wanaorudia bila kuiweka. Akianza kusema kamera yake mbovu, mwache na kamera yake.

Ila hilo ndilo tatizo dogo. Hata ingekuwa orijino kweli ningekuwa nimepigwa vilevile, kwa sababu nilinunua kitu ambacho sikuwahi kukisikiliza hata dakika moja. Nilikuwa na orodha. Kuna mtaalamu mmoja kwenye grupu fulani la muziki, simtaji, alibandika orodha ya santuri za Ireland "ambazo huwezi kujiita msikilizaji bila kuwa nazo", juu kabisa Mellow Candle, chini yake The Children of Lir ya bendi ya Loudest Whisper ya 1974, chini yake vitu vingine vya bei ya pikipiki. Nikaifuata ile orodha kama msahafu. Baadaye sana ndiyo nagundua orodha imepangwa kwa bei, kutoka ghali kwenda rahisi, halafu yeye mwenyewe ni dalali wa hizo hizo santuri. Mtu anakufundisha ladha huku ameshika kikokotoo! Nilipomuuliza akasema "uadimu ni ubora". Ubora wa nani, bwana?

Sikia, na hili ndilo nataka uondoke nalo hata kama mengine yote utayasahau: NUNUA YA BEI RAHISI KWANZA. Bei ya santuri ya zamani inakuambia ngapi zilitoka na ngapi zimebaki, basi, kuhusu muziki haisemi neno. Mellow Candle ni ghali kwa sababu 1972 Deram waliitoa, watu hawakununua, bendi ikafa muda si mrefu. Unalipia kununiwa kwao. Sasa upande wa pili, Horslips, bendi ya roki ya hapa hapa, waliuza Ireland nzima, walizunguka mpaka kumbi za dansi za vijijini ambako vijana walikuwa hawajawahi kuona gitaa la umeme linapiga tuni za babu zao, ndiyo maana santuri zao mimi nazikuta kwenye mitumba bei ya chakula cha mchana, na ndio hao hao waliofanya kazi nzito kuliko wote wa kwenye orodha ya yule dalali. Kwenye orodha hawakuwemo. Wangekuwemoje, hawana faida.

Na mwanzo wao ni kichekesho. Watatu kati yao walikuwa wanafanya kazi kampuni ya matangazo hapa Dublin, likaja tangazo la bia ya Harp linahitaji bendi, wakaambiwa igizeni bendi. Wakaongezewa mpiga kinanda, Jim Lockhart, wakaipenda ile kazi ya kuigiza wakaifanya kweli. Santuri ya kwanza, 1972, jalada wakalikata umbo la konsatina, kile kinanda kidogo cha kukunjua kwa mikono. Waliitoa kwa kampuni yao wenyewe, Oats.

Chukua santuri yao The Táin ya 1973. Ni kisa cha kale cha Kiayalandi, malkia Medb wa jimbo la Connacht anavamia jimbo la Ulster na jeshi zima kwa ajili ya fahali mmoja, na kijana Cú Chulainn anawazuia karibu peke yake. Humo kuna wimbo Dearg Doom. Lile gitaa la Johnny Fean unalolisikia mwanzo, lile linalokufanya ukunje uso, siyo la kubuni, ni O'Neill's March, tuni ya zamani kabisa. Sasa fanya hivi: tafuta kwanza O'Neill's March ikipigwa kwa zumari la kienyeji, isikilize mpaka uweze kuipiga mluzi jikoni, HALAFU weka Dearg Doom. Mimi niliifanya kinyume, gitaa kwanza, nikasema sawa roki nzuri, nikapita. Nilipokuja kuisikia tuni yenyewe nikarudi kwenye santuri mbio. Waayalandi wengine walikutana na gitaa hilo tena 1990, likaingizwa kwenye wimbo wa timu yao ya Kombe la Dunia, ndiyo maana hata wasiojua Horslips wanalijua.

Kwa kunoa sikio hilo chukua santuri ya bendi ya Planxty, ile ya kwanza ya 1973 yenye jalada jeusi. Hakuna ngoma za roki humo, usikimbie. Christy Moore, Andy Irvine, Dónal Lunny, na Liam O'Flynn kwenye uilleann pipes, zumari la mfuko ambalo hupulizi kwa mdomo, unapampu kwa kiwiko. Wimbo wa kwanza tu wanamaliza kuimba halafu bila kusimama wanateleza kuingia Tabhair dom do Lámh, tuni ya mpiga kinubi kipofu wa miaka mia nne iliyopita. Hapo kwenye kuteleza ndipo nilipoelewa hawa watu wa roki walikuwa wanatafuta nini. Na buzuki unayoisikia, ala ya nyuzi ya shingo ndefu, ni ya Ugiriki, Johnny Moynihan ndiye aliyeianzisha kwenye muziki wa hapa miaka ya 60, leo mwambie Muayalandi si ya kwao uone.

Ukishaiva hapo nenda The Book of Invasions ya Horslips, 1976. Kwa ugonjwa wako wa Genesis kuna Fruupp, bendi ya Belfast, santuri yao The Prince of Heaven's Eyes ya 1974, kisa cha jamaa anaitwa Mud Flanagan anasafiri kutafuta mwisho wa upinde wa mvua, kinanda kingi, wakati mwingine kirefu kupita kiasi kwa maoni yangu ila wewe utapenda. Tír na nÓg, wale waimbaji wawili wa folk, weka kwa asubuhi. Vyote hivyo vinapatikana kusikiliza bila kutuma hela kwa ndugu wala rafiki yeyote.

Na Mellow Candle yenyewe ni nzuri sana bwana, wale waimbaji wawili wa kike Clodagh Simonds na Alison Williams sauti zinapishana mpaka nywele zinasimama. CD yake nilikuja kuinunua kwa hela isiyofika chipsi mayai mbili na soda. Nyuma ina barkodi.