Kabla Hujaanza Kuuza Picha Zako, Zisafishe Kwanza

Wapiga picha wengi ninaowafahamu hapa Dar es Salaam wana maelfu ya picha kwenye diski, lakini iliyosafishwa, yaani iliyochapwa kwenye karatasi, hawana hata moja. Kama unataka watu wanunue picha zako wakatundike ukutani, anza na hilo. Safisha moja ya A4, ishike mkononi. Skrini ina mwanga wake; karatasi inategemea mwanga wa chumba ilimo. Ndiyo maana picha iliyokuwa inang'aa kwenye kompyuta hutoka giza, vivuli vyeusi tii.

Mimi hupunguza mwanga wa skrini hadi karibu nusu, kisha kwenye karatasi moja nachapa kipande kilekile cha picha mara tatu: kimoja kama kilivyo, cha pili nimekiongezea mwanga kidogo, cha tatu zaidi. Nina picha ya mchukuzi pale soko la samaki la Ferry, alfajiri, tenga begani. Kwenye kipande cha kwanza uso wake haukuonekana kabisa. Cha tatu kilifuta mawingu yote. Cha pili kilionyesha mpaka magamba yaliyoganda kwenye ukingo wa tenga. Vipande hivyo vitazame mchana karibu na dirisha, halafu usiku chini ya taa ya sebuleni, maana huko ndiko mnunuzi atakakoishi na picha yako.

Ukubwa nao una hesabu yake. Kamera ya pikseli 6000 kwa 4000, ukichapa kwa pikseli 300 kwa inchi, inakupa kama inchi 20 kwa 13 zenye ukali mzuri. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa, usiipeleke kwa mchapaji. Halafu angalia fremu: nyingi zinazouzwa tayari ni za 8 kwa 10 au 16 kwa 20, na picha ya kamera ya kawaida ikiingia humo, sehemu moja ya sita inakatwa. Ama upige ukijua hivyo, ama utafute fundi wa fremu atakayefuata vipimo vyako. Nashauri fundi.

Sasa, picha ipi inauzika? Machweo ya Coco Beach yamejaa kwenye simu ya kila mtu. Nionavyo mimi, watu hununua mahali wanapopajua, hasa panapobadilika: nyumba za zamani za Kariakoo zenye baraza, kabla ghorofa halijasimama, kona ya mtaa waliokulia. Unguja, Capital Art Studio aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930 imeendelea kwa miaka mingi kuuza nakala za picha za Zanzibar ya zamani, na wageni na wenyeji wote husimama kuzitazama. Kumbuka pia kwamba nyumba nyingi za pwani hazipendi sura ya mtu ukutani, hasa chumba kinachoswaliwa. Kwa hiyo usikose milango, majahazi, minara na bahari. Na mtu uliyempiga, mwombe ruhusa ya kuuza, umpelekee nakala yake. Mchukuzi wangu ya kwake anayo nyumbani.

Kwenye bei ndipo wengi wanapoumia. Chukulia uchapaji mzuri 30,000, fremu na kioo 45,000, usafiri 5,000. Tayari ni 80,000. Ukiuza 100,000 umebaki na 20,000. Mgahawa uliokutundikia ukichukua asilimia 30, umeshaingia hasara ya 10,000. Panga bei ukianzia kwenye fungu la muuzaji na malipo ya kazi yako, usianzie kwenye huruma ya rafiki anayeomba apunguziwe. Ukisema nakala ni 20 tu, andika 3/20 (yaani ya tatu kati ya 20) kwa penseli chini ya picha, weka sahihi, na uandike daftarini nani kachukua ipi. Ya 21 usiitoe, hata aje na dau kubwa.

Pa kuanzia ni ofisi za mawakili, kliniki binafsi, migahawa yenye kuta tupu. Nenda na picha yenyewe mkononi, usiende na simu. Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kilichopo Mikocheni, pitia pia uone wenzako wanavyotundika na wanavyopanga bei. Utajifunza mengi kwa mchana mmoja.

Mteja wa Mwanza au Arusha usimtumie kioo. Iviringishe picha pamoja na karatasi laini, uitie kwenye kipande cha bomba la plastiki la maji taka, lile pana, lenye mfuniko kila upande, ndipo uikabidhi kwa watu wa vifurushi wa basi. Pokea advansi kwa simu kabla hujachapa. Ndani ya bomba mwekee fundi wake wa fremu karatasi yenye vipimo, na umwombe aweke kadi nene iliyokatwa dirisha katikati, ili kioo kisiguse picha. Kwenye unyevu wa pwani au wa ziwani, picha iliyogusa kioo hunata, na kuibandua bila kuichana ni vigumu sana.