Joho la Edward ni la nani?

SWALI: Kwenye mchezo wa video wa Assassin's Creed IV, haramia Edward Kenway anavaa joho la Assassin (kundi la siri la wauaji) tangu mwanzo. Aliapishwa lini? – Msomaji, Sinza, Dar es Salaam

JIBU: Hakuapishwa, ndugu yetu, joho hilo amemvua maiti. Mwaka 1715, baada ya meli kuvunjika, anamuua Duncan Walpole, Assassin aliyewasaliti wenzake, na kuchukua barua yake. Barua inaahidi malipo Havana kwa gavana Torres, kwa hiyo anakwenda huko akijiita Walpole. Wanaoruka mazungumzo ya mwanzo hupotea hapahapa. Hata visu vya kificho mikononi alipewa Havana na Templar wenyewe, mahasimu wa Assassin, wakiamini ni Walpole! Ni siri tamu kuliko zote mchezoni. Kujiunga kwa dhati na Assassin kunakuja mwishoni kabisa.