Kurudi kwa Ndugu Baada ya Kuanua Matanga

Ndugu wanaokutana msibani huagana kwa ahadi ya kutembeleana, na ahadi hiyo aghalabu huishia stendi ya mabasi. Kwa niliyoyapitia tangu tumzike baba yangu mkubwa huko Pangani, nimeamini kwamba wakati unaofaa zaidi kuitimiza ni kati ya kuanua matanga na hitima ya arobaini, kwa kuwa marehemu bado anazungumzwa na hakuna anayejiuliza kwa nini umemkumbuka ghafla.

Anza na daftari la rambirambi. Wengi hulifunga mara tu fedha zinapojumlishwa, ilhali ndani yake mna majina ya watu walioguswa na msiba wenu. Sisi tulilipitia pamoja na shangazi, jina baada ya jina, naye akatueleza huyu ni mtoto wa nani, yule amezaliwa na mke yupi wa babu, na ni jambo gani lililoufanya upande wa Muheza uache kuja kwetu. Niliyaandika yote, kwani wanaoijua nasaba yetu kwa ghibu wamebaki wachache mno, na nakuomba msomaji usingoje mzee wenu augue ndipo umkalie na kalamu.

Kisha nenda, badala ya kuishia kwenye simu. Chukua sukari na mchele kwa kadiri ya uwezo wako, na ukifika, tanguliza nasaba kabla ya jina lako: "Shikamoo bibi, mimi ni mjukuu wa fulani wa Pangani." Kama ni nyumba ya mjane aliye katika eda, ambayo kwa Waislamu ni miezi 4 na siku 10 iwapo hana mimba, pitia kwa wanawe au wanawake wa nyumba hiyo, wala usikae sana. Palipo na ugomvi wa zamani, usiende peke yako. Mtangulize mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, na kesi ya zamani isifufuliwe siku hiyo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kutochanganya ziara hizi na mirathi. Najua mirathi haikwepeki: kikao cha ukoo kitapendekeza msimamizi, na muhtasari wake utapelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo kinachotolewa na RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi na vifo. Hata hivyo, ndugu anayekuona kwa mara ya kwanza ukiwa na karatasi ya kutia saini ataamini kwamba umefuata shamba la minazi, na hata ukirudi mwakani kwa nia njema kabisa, atakukaribisha kwa tahadhari. Karatasi zishughulikiwe kikaoni, mbele ya wote.

Kundi la WhatsApp lina faida yake, ila likitumika kwa michango pekee, watu hulichoka. Kinachodumisha undugu ni kuhudhuria shughuli zao pia, kuanzia maulidi, harusi na hata kumjulia hali mgonjwa. Walio mbali, kama jamaa zetu wa Muscat, watumieni picha ya nasaba mliyoiandika na kuwaomba wasahihishe majina. Wetu walijibu kwa majina ya watoto ambao hata shangazi hakuwajua.